Sauti Yako Nimeisikia Changamwe

Changamwe, Mombasa
Septemba 2025

Kwa dada yangu Sarah,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ngao, wewe na wote mlio chini ya paa lako. Natumai goti limepoa, na kwamba ulikwenda pale hospitali kama ulivyoniahidi, hukungoja mpaka uvimbe upande pajani ndipo ukumbuke. Migomba uliyopanda upya imeshika? Mpunga je, ndege wamekuachia kitu? Nasikia mto umetulia, nami namshukuru Mungu. Huku sisi ni wazima. Wifi yako Joy anakusalimu sana na anasema kitenge chako kimekwisha kushonwa. Mimi mwenyewe siumwi popote, dada, ila situlii. Nikikaa nainuka. Nikitoka nje nakumbuka kiti. Hata barua hii nimekwisha kuiacha mara kadhaa nikaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Kwenye simu unanikatiza kabla sijafika kwenye neno, kisha mtandao unapotea, kisha unanitumia ujumbe kwamba tumeelewana. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nianze na habari za mji, maana najua utauliza. Malori yamejaa barabarani kama kawaida. Kutoka hapa nyumbani hadi kule Shimanzi kwenye ghala letu la majani chai, mtu mwenye miguu anaweza kuwapita wenye magari na bado akapata nafasi ya kununua mahamri. Matuktuk yanageuka popote yanapotaka. Redioni kila mtu ni bingwa wa siasa, na kura zenyewe ni za 2027. Nikifungua idhaa nyingine nakuta watangazaji wawili wanachekeana wao kwa wao, sisi wasikilizaji tumesahauliwa. Joy ana tamthilia yake ya jioni ambayo mke wa tajiri amepoteza kumbukumbu kwa mara ya pili. Nikamuuliza Joy, mara ya kwanza alizirudisha vipi? Akaniambia nikatazame mpira wangu.

Na huo mpira, dada, umenitia uzee. Mwezi uliopita tuliwafunga Morocco tukiwa tumepungukiwa mchezaji mmoja, tukaimba mpaka sauti zikakauka, halafu tukaja kutolewa na Madagascar kwa penalti. Penalti! Nilikuwa kwa Nzai, yule jirani yetu Mgiriama mwenye banda la kuonyeshea mechi, na wanaume wazima walitoka pale hawaagani. Mimi nasema kocha hana kosa, lakini mpigaji akishautazama mpira muda mrefu hivyo, ujue miguu imekwisha kukataa.

Ni huko huko kwa Nzai ndiko kulikonianzia hili ninalotaka kukuambia.

Jumamosi moja, wakati wa mapumziko ya mechi, Nzai aliunganisha simu yake na ile runinga kubwa akatuwekea vidio za kuchekesha. Akatokea mtu mmoja wanayemwita Mama Mafuriko. Ni mwanamume, amejifunga leso na kilemba, amejipaka unga usoni, kiunoni ameweka mto wa kulalia ili aonekane mnene. Anasimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, jembe begani, anabishana na ofisa aliye kwenye mashua na kipaza sauti. Ofisa anamwambia ahame, maji yanakuja. Naye anajibu, "Yanakuja wapi na yamekwisha kufika? Anayekuja ni wewe." Anauliza ndizi zake amwachie kiboko azilinde? Kisha anageuza shingo upande wa nyumba, anaita, "Job! Job we! Njoo umsikie huyu!" Anatega sikio. Hakuna anayejibu. Anamgeukia ofisa, anasema, "Anakuja," na mabishano yanaendelea.

Banda zima lilikuwa limelala kwa kicheko. Nzai mwenyewe alikuwa anajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Mimi nilibaki na kikombe mkononi. Maana ile namna ya kukohoa kidogo kabla ya kukasirika, na ile ya kuifungua leso na kuifunga tena kwa nguvu, na lile "Ala!" refu la kushuka, nimeishi nayo tangu nikiwa mtoto mgongoni mwako. Sura sikuitambua kwa ajili ya unga. Sauti ilikuwa yako, Sarah. Na jina lililoitwa lilikuwa la mumeo.

Nilitoka kabla ya kipindi cha pili. Nyumbani nikazitafuta zile vidio kwenye simu nikazitazama moja baada ya nyingine nikizunguka sebuleni, hata Joy akanisihi niketi nitamtia kizunguzungu. Mama Mafuriko yuko kambini, anagombania hema. Mama Mafuriko anamfukuza mwandishi wa habari. Mama Mafuriko anamfundisha daktari kazi. Na katika kila moja, mahali fulani, anaita "Job we!" na hakuna anayeitika. Katika ile ya hema unga ulikuwa umetoka kidogo shavuni kwa jasho, nikamwona. Ni Nehemiah.

Usiiweke barua chini, dada. Endelea kusoma.

Nilimpigia mwanao simu palepale. Akaniambia, "Shikamoo mjomba, niko karakana, tunajifunza kufunga nyaya." Nyuma yake nilisikia ngoma na watu wanapiga makofi. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda kwenye chuo chake cha ufundi wa umeme. Waliniambia kwa upole kwamba hawajamwona tangu Januari. Nilirudi kwa miguu njia yote kwa sababu nisingeweza kukaa kwenye kiti. Nilikuwa nakuwaza wewe ukiwaambia watu wa kanisani kwamba mwanao atakuja kuwatia stima mpaka mnarani. Nilikuwa nimekasirika kama mjomba anavyopaswa kukasirika, na maneno yote nilikuwa nayo tayari.

Ukutani karibu na steji nikaona tangazo lenye sura yake: Mama Mafuriko, ukumbi wa jamii, Jumapili alasiri. Nikasema vema, nitamshusha jukwaani kwa sikio mbele ya watu wote.

Nilikwenda. Nilikaa viti vya nyuma, nikiwa nimevaa koti la kanisani. Ukumbi ulijaa: akina mama na watoto wao, vijana, mpaka wazee wa rika langu. Akatoka na jembe lake. Dada, nilikuwa nimekwenda kwa hasira, lakini nitakuambia kweli, nilicheka. Nilicheka mpaka yule mama aliyekaa ubavuni mwangu akanishika bega. Alikufanya ulivyo, hakupunguza wala kuongeza. Ulikuwa mkaidi, ulikuwa na mdomo, na hakuna aliyekuweza, si ofisa wala mto. Watu hawakuwa wanakucheka wewe. Walikuwa upande wako. Kila ulipomjibu ofisa walipiga makofi kama tumefunga bao.

Kisha akageuza shingo. "Job! Job we!"

Akatega sikio, na watu wakaanza kucheka kwa sababu wanajua kwamba hapo hakuna anayejibu. Sijui kilichonipata. Sikukusudia. Nilijikuta nimesimama, na kinywa changu kimesema kwa sauti kubwa, vile shemeji alivyokuwa akiitika kutoka shambani, "Naam, Mama Nehemiah!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, walidhani tumepanga. Nehemiah hakucheka. Alishika jembe kwa mikono miwili akanitafuta kwenye giza la viti. Taa zilikuwa zinammulika, nadhani hakuniona vizuri. Akasema, bado kwa sauti yako lakini polepole, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Kicheko kikapungua safu kwa safu mpaka kikaisha. Mwanao akaketi sakafuni pale jukwaani, na mshereheshaji akakimbilia kuweka muziki.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi amekaa juu ya kreti la soda, anajifuta unga kwa ile leso. Ni leso yako ya rangi ya machungwa, ile unayosema ilichukuliwa na maji. Aliponiona akaangua kilio. Nikamwacha alie kwanza. Kisha nikamgombeza, maana ilibidi, nikamwambia kumdanganya mama yake ni kosa hata kama angekuwa amepata uwaziri. Alikubali. Alisema kule chuoni kila akishika nyaya na mwalimu akitaja hatari, yeye anasikia maji. Alishindwa kukuambia kwa kuwa wewe ulikuwa umebakiwa na lile tumaini moja tu.

Nikamuuliza kwa nini basi anaita jina la baba yake mbele ya watu wamcheke. Dada, nakuandikia maneno yake kama yalivyo. Alisema, "Mjomba, nyumbani jina la baba halitajwi. Picha yake iko chini ya godoro. Nikilitaja mama anainuka anaondoka. Hapa nikiliita, angalau limeitwa. Wacha wacheke."

Hapo hasira yangu yote iliniishia, sikujua nimeiweka wapi.

Sasa nimefika pale ambapo kwenye simu ungenikatiza. Job alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Tulivua kambare pamoja tukiwa wadogo. Tangu tumzike mwaka jana sijalisikia jina lake kinywani mwako. Unasema "yule". Unasema "wakati ule". Siku moja tu, ulipokuwa na homa, uliniambia kwamba siku ile ya mafuriko, alipoingia na mtumbwi kuokoa mbuzi wa jirani, ulimwita kutoka ukingoni awaache arudi, na kwamba hakukusikia, na kwamba ungepaza sauti zaidi angekuwa hai. Ulisema hivyo halafu ukakata simu, na hukurudia tena.

Nilimwambia Nehemiah jambo hilo, pale kwenye makreti. Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Hakujua kwamba ndilo unalolibeba. Siku ile wewe ulikuwa chini ukingoni, matete yakikuziba. Yeye alikuwa juu ya paa la stoo, anaona mto wote. Anasema baba yake alikusikia. Aliinua kafi juu, vile alivyokuwa akifanya siku zote kukuonyesha kwamba amesikia, na akageuza mtumbwi. Alikuwa anarudi kwako. Gogo lililompindua lilikuwa linashuka katikati ya mto kwa kasi, na lingemkuta akienda au akirudi, kwa hiyo usianze kujilaumu upya kwa upande mwingine. Ndiyo sababu Mama Mafuriko kila akiita husema "Anakuja." Mwanao hakulitunga neno lile. Alikuwa na hilo la kukuambia tangu siku ya mazishi, nawe ukawa unainuka unaondoka.

Alikusikia, Sarah. Sauti yako ilitosha.

Yako mambo mawili yamebaki. La kwanza, kuna mashindano ya mpira ya vijana kule Garsen, timu za Minjila na za mtoni na za wafugaji, na waandaaji wamemtaka Nehemiah awachekeshe watu kabla ya fainali. Watu wa Ngao watakuwa pale. Watakujua kabla hajamaliza kukohoa. Amekataa kuwajibu mpaka wewe useme. Ukisema hapana, anasema atamzika Mama Mafuriko na hatakulaumu. Mimi sikushauri lolote. Unaweza kumkasirikia kwa ajili ya chuo. Nami bado nimemkasirikia, nikikumbuka nainuka tena. Habari ya chuo tutaizungumza tukiwa watatu, mwezi ujao nikija.

La pili ni hili. Nehemiah aliyekuletea barua hii amekuambia chuo kimefunga kwa wiki moja. Ni mimi niliyempa ruhusa ya kusema hivyo mlangoni, ili asikose ujasiri kabla hujaifungua. Nilimwagiza akupe mkononi, kisha akae nje mpaka umalize. Kwa hiyo wakati huu yuko uani kwako, nadhani anajifanya anatazama kuku, na anajua ni ukurasa gani umefika kwa jinsi ulivyonyamaza.

Nisalimie majirani wote, na mchungaji, na mama muuza maziwa wa Minjila mwambie nimekosa mtindi wake. Joy anakukumbatia. Mungu akupe nguvu ya goti na ya moyo. Nami nitaendelea kuzunguka sebuleni mpaka nipate neno kutoka kwenu.

Sasa ikunje barua, dada, umwite mwanao. Mwite kwa sauti, kwa majina yake yote mawili: Nehemiah Job.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Levi