Baba na Hodhi Lake Hadi Mpaka wa Horgoš

Jumatano, 2 Agosti

Nimelichukua gari. Kubwa mno! Jeupe, viti vitatu mbele, nyuma tupu kama chumba cha mpangaji aliyehama. Mkodishaji kaniuliza kama nimewahi kuendesha kitu cha namna hii. Nikasema ndiyo. Uongo mtupu. Kutoka tu uani nikagonga pipa la taka — likaanguka, nikaendelea, sikuthubutu kutazama.

Baba kakaa dirishani tangu asubuhi na koti lake la baridi — Vienna nzima inatokota! — anauliza kwa nini dereva amechelewa. Dereva ni mimi, Baba.

Jioni kaja Slavko. Si kusaidia. Kaka yangu huyu akija, huja na maneno. Eti namhamisha mzee kama kabati. Eti kijijini daktari hayupo, kuta zina ukungu, nani ataamka usiku kumhudumia? Mimi, nikamwambia. Nimeacha kazi, nimeacha kila kitu. Baba mwenyewe kaomba: anataka kufia Serbia, kwake, alikozikwa Mama.

Slavko kacheka vibaya. "Mimi jana kaniambia hataki kwenda popote."

Tukaenda kumwuliza. Kalala, mdomo wazi, koti mwilini.

Alhamisi, 3 Agosti

Tumeondoka! Nyuma kuna kitanda chake, jiko, na hodhi la kuogea. Hodhi, jamani! Nyumba ya kijijini ina ghorofa tatu na haina bafu hata moja lililokwisha. Mwaka mzima Baba alikuwa akiwajengea watu wa Vienna, kila Agosti anakimbilia kwake kuongeza ukuta. Ndivyo ujana wake ulivyokwenda. "Nitaoga kwangu kama bwana," anasema. Haya, hodhi limepakiwa.

Hungaria ni alizeti na malori. Upepo unalisukuma gari, mikono inaniuma. Baba anaimba, ananyamaza, anadai pilipili za kuchoma. Nikamlisha kwa mkono mmoja.

"Tazama barabara, punda we!"

Nimecheka mpaka machozi. Kwa saa nzima alikuwa Baba wa zamani — anatukana madereva, anasifu mahindi. Basi tukasimama kujaza mafuta. Akageuka nyuma, akaanza kuhangaika. "Mama yako yuko wapi? Tumemwacha chooni?"

Nikasema katangulia.

"Huyo naye! Hajui kusubiri."

Tumelala Kecskemét, bado Hungaria, nyumba ya wageni, kwa sababu mgongo wake umekataa. Slavko anapiga simu. Sipokei. Anapiga tena. Nimeifunika kwa mto.

Hivi Baba aliniomba kweli? Au nilimwuliza, "Baba, unataka kwenda nyumbani?" — naye akajibu ndiyo, kama anavyomjibu ndiyo kila mtu?

Ijumaa, 4 Agosti

Foleni ya mpakani Horgoš, kati ya Hungaria na Serbia. Magari ya likizo mpaka upeo wa macho, yote ya watu wetu wanaorudi nyumbani, magodoro juu ya paa, watoto wanakojoa kwenye nyasi. Hatusogei. Kiyoyozi kimekufa. Nimemvua Baba koti kwa nguvu, kaniita mwizi.

Mchana. Wahungaria wametupitisha bila neno. Kwa polisi wetu wa Serbia ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mzima, masharubu ya mvi, mcheshi. Kafungua nyuma, kaona hodhi.

"Dada, mmehama na mto wenu?"

"Hodhi la Baba. Tunakwenda nyumbani, kijijini karibu na Negotin."

Akaja dirishani kwake. "Na wewe babu, nyumbani wapi?"

Baba akanyoosha mgongo. Akajibu wazi, bila kukosea: Vienna, mtaa wa Favoriten, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Kengele mbovu, gongeni kwa nguvu. Kisha akamshika polisi mkono. "Bwana mkubwa, mwambie huyu mama anirudishe. Mke wangu ananisubiri."

Huyu mama!

Masharubu hayakucheka tena. Weka gari pembeni. Pasi za kusafiria. Ni baba yako kweli? Ndiyo. Anajua anakokwenda? Nikasema ni mgonjwa, anasahau. "Dada, mtu akiniambia hataki kuingia, siwezi kujifanya sijasikia. Nani mwingine wa familia?"

Ningeweza kusema hakuna. Nikampa namba ya Slavko.

Nilimwona kupitia kioo cha kibanda chake, anasikiliza muda mrefu, anakuna shingo. Nikajua ndiyo basi, nimekwisha. Akatoka, akanipa simu.

Slavko sauti imekauka. "Nimemwambia huyo polisi wewe ni binti yake, unajua unachofanya, awaache mpite." Nikasikia tramu ikipita kwake. "Sasa niambie mimi, Radojka. Unajua?"

Akasubiri, kisha akakata.

Pasi zimerudi. Injini inaunguruma, naandika juu ya usukani. Polisi kasema niamue: mbele ni Serbia, kushoto kuna njia ya kugeuzia, ila nisizibe watu. Nyuma yetu honi. Baba anakula plamu, maji yanamtiririka kidevuni, katulia tuli.

"Twende basi," anasema.

Nimemwuliza wapi.

Anavuta mkanda wake, anaufunga vizuri, mara ya kwanza peke yake tangu tuondoke. "Dereva si wewe?"