Kusindikizwa Nzahaha

Gihundwe, Rusizi
Siku ya pili ya mwaka

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ni ndefu na goti lako nalijua. Linaendeleaje? Na kile kikohozi cha mvua kimepona, au bado unasema ni vumbi tu? Mimi ni mzima. Nimenenepa hata, usicheke. Sambaza, wale dagaa wa ziwa la huku, hawanipi nafasi ya kukonda.

Usiulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hupaza sauti mpaka Kalemie nzima inasikia, unauliza nimekula nini, halafu unakata. Ninayotaka kukuambia yanahitaji utulivu. Nimempa barua hii mama mmoja muuza vitenge anayeshuka Uvira kupanda meli, na ameapa hataifungua.

Unakumbuka karatasi zetu? Kila mwaka ulipoanza ulitukalisha mkekani, ukatuambia tuandike tunachotaka kukifanya mwaka ule, mambo matatu tu, kwa kuwa Mungu ana watu wengi wa kusikiliza. Kisha ulizificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Mimi bado nafanya hivyo, ingawa niko peke yangu. Jana asubuhi nilifungua karatasi ya mwaka uliokwisha. Nilikaa mlangoni na kikombe cha chai, ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote, Bukavu haionekani, dunia imeishia kwenye migomba ya jirani. Unanijua, asubuhi za namna hiyo sifai kwa kazi. Nilikuona wewe ukiwa msichana, unapita ndani ya ukungu ule na ndoo kichwani, unaimba, hujui kama utakuwa mama wa mtu. Niliporudi duniani chai ilikuwa baridi.

La kwanza nililoandika ni kusema Kinyarwanda bila kuchekwa. Bado nachekwa. Wamama wa sokoni Kamembe huniacha nimalize sentensi yangu kwa heshima yote, kisha wananijibu kwa Kiswahili.

La pili ni kushona gauni la harusi peke yangu, kuanzia kukata mpaka kifungo cha mwisho. Hilo nimelifanya, Mama! Ila dirisha la kibanda chetu cha kushonea linaangalia ziwani, na mimi mawazo yangu hutoka nje bila kuaga. Nilishona mikono miwili ya kushoto. Mama Riziki, fundi ninayefanya naye kazi, aliinua gauni lile juu, akaliangalia, akaniangalia mimi. Tulifumua, tukashona upya siku ileile. Bibi harusi hakujua, na alipendeza.

La tatu ni lile uliloniagiza siku naondoka: niende Nzahaha, kijijini kwenu, nione kama dada yako mkubwa bado yuko. Uliniambia nisiulize kitu, nisikilize tu. Nilikuambia kwa simu kwamba nilikwenda wakati wa kiangazi, nikamkuta mzima, hakusema neno juu yako. Nilikuambia hivyo, ukakata. Sasa naomba nikuambie vizuri, maana kosa lilikuwa langu.

Siku ile nilikwenda kwa moto, yaani pikipiki, mpaka mlangoni kabisa. Nilijiona mtu wa mjini. Mama Mkubwa Konsolata alinipokea kwa maharage na maji ya ndizi, akanitazama sana usoni, akauliza habari za kazi, za mvua, za bei ya vitambaa. Juu yako, kimya. Nikasikiliza kama ulivyosema, na hapakuwa na cha kusikia. Motari wangu, yule dereva wa pikipiki, alikuwa anangoja uani na kupiga honi kila dakika. Nilipoaga, Mama Mkubwa aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya mabegani na fimbo mkononi. Jua lilikuwa kali. Nikajisemea, wazee husikia baridi hata kiangazi. Nikapanda moto, nikampungia mkono. Nilipogeuka kwenye kona nilimwona bado amesimama palepale na kitenge chake.

Mama Riziki ndiye aliyenifumbua macho. Nilipomsimulia aliacha kushona.

"Ee Furaha! Moto mpaka ku mulango? Sasa mama ya batu angekusindikisha namna gani? Akimbilie nyuma ya moto?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama, wewe ndiwe uliyetulea na desturi hiyo! Wageni wote waliokuja kwetu walipewa chakula na habari za kawaida ndani ya nyumba, na neno lenyewe ulilitoa njiani, ukiwasindikiza, mkiwa wawili. Sisi watoto tulikuwa tukiwafuata kwa nyuma ili tulisikie, ukaturudisha kwa jicho moja. Mama Mkubwa alikuwa amevaa ili anisindikize. Neno lake alikuwa nalo, na mimi nikalikimbia kwa pikipiki.

Niliona aibu miezi mingi. Kila wiki nilisema nitakwenda wiki ijayo. Mvua, kazi, gauni la harusi, kila kitu kilikuwa sababu. Lakini nilikuwa naogopa pia, maana siku ile niliona jicho lake la kushoto halioni vizuri, na anaposimama hushika ukuta. Nikawaza, je, nikichelewa? Basi, wiki iliyopita nilipanda basi dogo, nikashuka kwenye barabara kubwa, nikapanda mlima wa Nzahaha kwa miguu. Njia ilikuwa na utelezi, nikavua viatu. Nilipita mashamba ya mihogo, watu wakanisalimia, nikawajibu kwa Kinyarwanda changu cha kuchekesha. Kila jiwe nililikanyaga nikiwaza labda ulilikanyaga. Nilikuwa na furaha, sijui hata niielezeje.

Mama Mkubwa alikuwa anachambua maharage. Alitazama nyuma yangu kwanza.

"Na moto yako iko wapi?"

"Sikukuja na moto, Mama Mukubwa. Nimekuja na miguu."

"Njo vizuri vile," akasema, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Mama, ana mwanya kama wako.

Tulichambua maharage, tukala, akanionyesha kaburi la babu, tukaling'olea majani. Juu yako bado kimya. Safari hii sikuhangaika. Mchana ulipopinda akaingia ndani, akatoka na kitenge chake na fimbo, tukaanza kushuka polepole, mkono wake kwenye mkono wangu. Watu wa huko husindikiza mgeni mpaka mwisho wa migomba, kisha hurudi. Tulifika mwisho wa migomba, akaendelea. Tulifika kwenye kijito chenye daraja la magogo, pale ndipo akasimama.

"Mama yako anasemaka nini juu ya siku ile alienda?"

Nikamwambia ulivyokuwa ukituambia sikuzote, kwamba siku unakwenda kuolewa Kongo, dada yako alikuwa bado anavaa ili akusindikize, akachelewa, ukaogopa kukosa gari, ukaondoka.

Alikaa kwenye gogo. Aliilaza fimbo magotini.

"Agata alisema vile? Kwa batoto yake?"

"Ndiyo, Mama Mukubwa. Kila mara."

"Nilikuwa nimevaa tangu asubui, mutoto wangu. Nilijifungia mu nyumba. Aliniita mara tatu pa mulango, nikanyamaza. Yeye anaenda kuolewa, mi nabakia na Papa mugonjwa. Kasirani ilinikamata. Nilimusikia anashuka hii njia yeye peke." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Miaka yote nilisema, Agata ananichukia, njo maana haandikaka."

Mama, nililia pale, naye akalia, kisha akaniambia nimsaidie kusimama. Nilimwomba arudi kabla mvua haijanyesha. Alikataa. Tulivuka daraja lile hatua kwa hatua, tukashuka mpaka barabara kubwa, njia yote ambayo hakuitembea na wewe. Alisimama nami mpaka basi likaja. Nilipokuwa napanda alinivuta kwa mkono.

"Umuambie Agata nilichelewa tu. Umuambie nimeisha kuvaa."

Kijana mmoja wa njia ileile alimrudisha nyumbani, usiwe na wasiwasi.

Sasa unajua kwa nini sikupiga simu. Sijui kama ulitudanganya kwa wema, ili umsitiri dada yako, au ulijidanganya wewe mwenyewe, na sitakuuliza. Lakini kwenye karatasi ya mwaka huu nimeandika jambo moja tu. Kinyarwanda kitakuja chenyewe. Nimeandika kwamba kiangazi, njia ikiwa shwari, nitakuja kukupokea mpakani Bugarama, na mlima wa Nzahaha tutaupanda polepole, goti lako na fimbo yake, hata kama itatuchukua siku nzima. Nimeshaanza kuiona safari hiyo kila ninapokaa karibu na dirisha. Mama Riziki amehamisha cherehani yangu, nakaa nimetazama ukuta, lakini bado naiona.

Nisalimie kaka Amani, fundi baiskeli wetu, na mke wake aliyejifungua. Mtoto nimemshonea kofia. Msalimie shangazi wa soko la samaki, na mwalimu wa kwaya anayesema sauti yangu ilipotea Rwanda. Mwambie Amani akushushie lile sanduku la juu ya kabati. Kitenge chako cha buluu kimo humo, nilikikunja mimi mwenyewe kabla sijaondoka.

Mama Mkubwa anakungoja pale njiani. Anza kuvaa, Mama.

Mwanao anayekupenda,
Furaha