Uso wa Kaka Kule Juu

Jumatatu, 3 Machi
Mama kaomba picha. Si ya kukaa kitini na pazia jeupe nyuma, kama ninazowapiga watu wa pasipoti studioni. Anataka uso wa kaka akiwa kazini, ndani ya kile kichumba cha kioo juu ya kreni. Magoti hayamruhusu kwenda kuona mwenyewe. Anasema miaka yote hii anajua mwanawe anatoka na anarudi – hapo katikati hajui.

Na kaka wamempa kreni nyingine, kwenye jengo refu mara mbili ya hili wanalojenga sasa. Atoe jibu Jumatatu ijayo. Mama ameshatangaza mtaa mzima. Kaka anacheka tu. Wenzake wanamwita Twiga, na jina amelivaa kama koti.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima lenzi ndefu kwa rafiki yangu anayepiga picha za harusi. Nzito kama mtoto aliyelala. Nimeishika kwa mikono, kreni ikacheza kama kivuli kwenye maji. Picha zote ukungu. Nikatandaza stendi ya miguu mitatu kando ya barabara – mlinzi wa jengo huyo! Eti nawazibia wapita njia. Nikamuuliza, na ingekuwa na mguu mmoja je? Akafikiri. Mmoja, alisema, hauna neno.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe zipo kweli dukani, stendi za mguu mmoja. Bomba jepesi, linarefushwa kipande kwa kipande. Kazi ni kichwa, kile kifaa cha juu kinachoshika kamera. Muuzaji, dada mwenye miwani, kaniwekea viwili mezani. Kimoja kina gololi ndani, kinageuka kila upande. Kingine kina bawaba, kinainama mbele na nyuma tu kama kifuniko cha sanduku. Nikaona, kwa nini nichukue kinachojua njia moja wakati kipo kinachojua zote? Nikabeba cha gololi. Dada akasema kikinishinda nirudishe, mradi kisichubuke.

Jioni nikafanya mazoezi dirishani, nalenga tangi la maji la jirani. Nikilegeza skrubu kidogo, lenzi inaanguka ubavuni kama kichwa cha mtu anayesinzia. Imegonga fremu ya dirisha. Nimekagua kioo cha lenzi tena na tena. Salama.

Lakini kwa nini? Mguu wenyewe unayumba kila upande. Gololi nayo inayumba kila upande. Walevi wawili wanashikana mkono wavuke barabara.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha. Bawaba! Kuzunguka nazunguka na mguu wenyewe. Kichwa kazi yake kutazama juu na chini, basi. Dada wa miwani akaniambia nisifunge kamera, nifunge ile pete inayoizunguka lenzi, uzito ukae katikati. Nimechukua na kiatu cha mpira cha chini, kipana. Ncha ya chuma ingeteleza kwenye vigae vya njia ya miguu.

Kichwa kikifika mwisho wa kuinama, nalaza mguu kidogo kuja kwangu. Hilo nimeligundua mwenyewe. Tangi la jirani sasa naona mpaka kutu yake.

Jumamosi, 8 Machi
Mlinzi kanisalimia kama ndugu. Nikasimamisha mguu, nikainua lenzi. Uso wa kaka ukaja wote – jicho, shavu, jasho juu ya mdomo.

Mzigo ukasimama hewani. Kaka akafumba macho.

Nikadhani kapepesa. Studioni watu hufumba kwa sababu ya taa, lakini hufumbua. Huyu alikaa ameyafumba. Mkono wa kushoto umekaba chuma cha kiti. Midomo inatembea. Kisha nadhani wakamwita kwenye redio: macho wazi, akashusha mzigo kwa utulivu kama anayeweka kikombe mezani. Ukasimama mwingine – akafumba tena.

Nimepiga zote. Ipo moja nzuri, anatazama mbali kama nahodha. Hiyo ndiyo anayoitaka mama. Macho hayana pazia, lakini mdomo je, niseme au nifunge?

Jumapili, 9 Machi
Nimesafisha mbili. Kaka alipofika nikamvuta jikoni kwanza. Ile ya nahodha akatabasamu. Ile nyingine, ya macho yaliyofumbwa, akaishika muda mrefu.

"Mbona imetoka kali hivi?"

Nikamuuliza tangu lini anaogopa kule juu.

"Tangu siku ya kwanza." Akavuta maji, akanywa. "Nilidhani nitazoea. Nimejikaza kisabuni mpaka leo."

Na ile kreni ya Jumatatu? Mama akaita kutoka sebuleni, tunanong'ona nini, picha zake ziko wapi. Kaka akaniangalia kama anayesubiri nimwamulie. Akazichukua zote mbili, akaenda.

Naandika hapa jikoni. Nasikia kiti kinavutwa. Mama anaulizia miwani yake. Sijui ameanza na ipi.

Anamwambia kaka, taratibu: "Hebu nipe huo mkono wa kushoto."