Vita Dhidi ya Mshumaa

Jumatatu, 20 Machi

Leo, saa nne na robo asubuhi, mimi Eluned Prosser, mjane, mwenye akili timamu na goti moja bovu, natangaza vita rasmi dhidi ya mshumaa.

Mshumaa wenye harufu ya vanila! Umewashwa ndani ya kaburi la mawe, kule msituni, chini kabisa ya jiwe kubwa la juu. Masizi kila mahali. Jiwe limekaa pale miaka elfu tano na ushei, limevumilia barafu, kondoo, na mashemasi wa kanisa letu waliokuja kulikemea – halafu anakuja mtu na vanila. Na riboni juu ya mti. Nimeng'oa zote. Nimeandika barua kwa ofisi ya mambo ya kale. Ya saba hiyo. Safari hii sikuanza na "Mpendwa".

Jumatano, 22 Machi

Wifi Morfydd kaja na mkate wa zabibu kavu na uso wa kikao. Jumapili ya Maua, ile ya kabla ya Pasaka, ni tarehe mbili, makaburi yote yapambwe, kwa hiyo twende kanisani tukasugue la Idwal. "Mwaka jana uliniachia kazi yote, wifi. Kaka yangu kalala pale kama hakuoa!" Nikasingizia goti. "Goti gani hilo? Msituni linafika kila wiki, likiona kanisa linaugua!"

Ulimi anao. Habari hana. Niandike mara moja, basi: pale kanisani, ubavuni mwa mama mkwe, chini ya maua ya Morfydd, kuna majivu ya jiko langu. Kuni za mwaloni.

Idwal mwenyewe, yaani majivu yake baada ya kuchomwa, yuko msituni. Nilimmwaga kwa mikono yangu ndani ya chumba cha lile kaburi la mawe, kona ya kushoto, miaka mitatu iliyopita. Aliomba. "Usinilaze na mama," alisema hospitalini. "Miaka arobaini ilitosha." Tulikuwa tukila mikate yetu ya jibini pale, akishamaliza zamu ya lori la maziwa.

Kwa hiyo Idwal si takataka. Mshumaa ni takataka. Tofauti ni kubwa na sitaki ubishi.

Jumatatu, 27 Machi

Ofisi imejibu! Miaka miwili kimya, leo simu. Dada mmoja, Heledd, mtaalamu wa kuchimba vya kale. Barua zangu zimewagusa sana. Watakuja Ijumaa kukisafisha chumba. Nikashukuru kama mjinga. Mtakisafishaje, mwanangu? Wataondoa udongo wa juu, wauchekeche, waupeleke maabara.

Udongo wa juu. Wote.

Nikamwambia si lazima, mshumaa wenyewe ulikuwa mdogo. Akacheka. "Bi Prosser, barua ya tano uliandika 'unajisi'!"

Niliandika. Kwa wino mwekundu. Mpumbavu! Mpumbavu mwenye stempu!

Alhamisi, 30 Machi

Nimekwenda na kijiko cha supu na kopo la biskuti kumtoa mume wangu. Mvua. Matope. Nimeingia kwa magoti, hilo bovu likilia. Ndipo nikasikia nyuma yangu: "Bi Prosser! Umekuja kutulindia!" Heledd, kafika siku moja mapema kuzungusha kamba.

Kijiko mkononi. Nikasema nafukuza konokono.

Akaniamini. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Kopo nimerudi nalo tupu.

Ijumaa, 31 Machi

Naandikia hapahapa msituni, juu ya gogo.

Morfydd kanifuata. Na chupa ya chai! "Nimesikia umeshinda, wifi, nikasema nije kushangilia." Hajakanyaga msitu huu tangu utoto. Leo!

Heledd yumo ndani tangu asubuhi na brashi yake. Saa sita akatoka, akanivuta pembeni. Ya nini? Morfydd ana masikio ya kwaya. "Si masizi yote, Bi Prosser. Mengine ni mifupa iliyochomwa. Ya juzijuzi tu. Watu huleta majivu ya wapendwa wao hapa."

"Washenzi!" Morfydd huyo. "Mtu gani humtupa maiti wake porini kama paka?" Akanigeukia nimwitikie amina.

Hasira ikanipanda. Si ya Morfydd peke yake. Ya vanila, ya ofisi, ya Idwal aliyekufa na maagizo akaniachia utekelezaji. Nikasema, "Mimi. Huyo ni Idwal."

Chai ikamwagika kwenye kiatu chake, hata hakuruka.

"Na kanisani? Miaka mitatu nampelekea nani maua?"

Ningemwambia nini? Mwaloni? Nikamwambia. Mwaloni.

Sasa kasimama kwenye kamba, kanipa mgongo. Haondoki. Morfydd kunyamaza! Nilitamani ukimya huo miaka thelathini, leo nimeupata, na siutaki.

Heledd kaja tena, mpole mpaka nimeona aibu. Anaweza kunirudishia Idwal wangu kabla ya maabara, sheria haikatazi. Nimwonyeshe tu alipo. Morfydd akageuza shingo kusikiliza.

Nikasema kona ya kushoto.

Heledd akaangalia daftari lake. Kona ya kushoto kuna majivu ya watu watatu.