Kilomita Kumi na Moja kwa Lita

Jumamosi, 11 Januari 2025

Gari imefika. Nyeupe, ndogo, haina sauti. Haibridi — petroli na umeme, vyote vimo. Kaka Haitham kaambiwa bandarini kwamba inakwenda kilomita ishirini na tano kwa lita moja. Akanieleza kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

Nimenunua mie. Kadi ya gari ina jina lake. Ndivyo ilivyo kwetu: anayekwenda bandarini ndiye mwenye gari. Sikubishana. Ufunguo ninao mie.

Shangazi Zeyana kaja kwetu Mpendae na chetezo, kaingia nacho ndani, kafunga milango, kafukiza udi mpaka kioo kikawa cheupe. Tumekohoa watu watatu. Gari inanukia kama bibi arusi.

Jumatatu, 13 Januari

Skrini ni ya Kijapani. Naelekeza simu, simu inatafsiri, nami siielewi simu.

Kuna mchoro. Injini, magurudumu, betri, na mishale inayopita katikati kama watu wa Darajani kuamkia Idi. Mshale ukitoka kwenye gurudumu kwenda kwenye betri, maana yake nimekanyaga breki na ile nguvu inarudi kuwekwa. Hilo nimelipenda. Hakuna kitu kingine katika maisha yangu kinachonirudishia nguvu nikisimama.

Namba: 17.2. Na ile ishirini na tano iko wapi?

Halafu aibu. Nimeegesha karibu na duka langu la mapazia, Mkunazini, nikaingia ndani kupima kitambaa cha mapazia. Dakika arubaini. Saroj wa duka la viungo, jirani yangu, kaja mbio na sari kaishika mkononi: gari yako inanguruma peke yake! Kumbe sikuizima. Ilikuwa kimya tu. Betri ilipopungua, injini ikajiwasha yenyewe. Lita imekwenda na hatukwenda popote.

Jumanne, 14 Januari

Nimegundua. Namba ziko mbili! Moja ya safari ya leo, moja ya jumla tangu mtu alipoisafisha mara ya mwisho — na hajaisafisha mtu tangu Japani. Siku zote hizi nimekuwa nikihukumiwa kwa uendeshaji wa Mjapani nisiyemjua.

Nimebonyeza na kushikilia mpaka ikawa sifuri. Sasa dhambi zitakuwa zangu mwenyewe.

Alhamisi, 16 Januari

22.6 kwenda na kurudi mjini. Alhamdulillahi.

Nimemaliza makava ya viti. Mahameli ya zambarau, ukingo wa dhahabu. Nimeyakaza kila upande mpaka chini, hata ubavuni mwa kiti cha nyuma, pale penye plastiki mbaya yenye mianya mianya. Sindano tatu zimevunjika. Haionekani plastiki hata kidogo. Watu wawili washaniagizia wao.

Jumapili, 19 Januari

Jambiani, kupeleka mapazia nyumba ya wageni. Safari yangu ya kwanza ya mbali, peke yangu, marobota sita. Nimezima eisi, kile kipoza hewa, kubana petroli. Nimefunga vioo kwa ajili ya vumbi. Nimeiva mie kabla ya mapazia kufika.

Kwenda: 19, 16, 14. Njiani huku nyuma ya kiti kuna sauti, kama mtu anayepuliza uji. Kurudi: 11! Kumi na moja! Lori la kaka linakaribia hapo, nalo linabeba mchanga. Nilipofika Tunguu ikawaka pembetatu nyekundu na maandishi. Nimesimama, nimeelekeza simu. Simu ikasema: "Tafadhali uthibitishe mfumo." Nikauthibitisha kwa Ayatul Kursiyyu. Nilipokaa nusu saa kivulini, taa ikazimika.

Jumatano, 22 Januari

Ng'ambo, kwa fundi Mwalim. Kafungua boneti, kaangalia, kafunga. Dakika mbili kwa saa ya Saroj, aliyenisindikiza. Akaniuliza taa iliwaka wapi, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama tabibu mbele ya jamaa wa mgonjwa.

"Betri kubwa ishakufa, Bi Nadra. Lililobaki kuzika."

Nikamuuliza betri kubwa iko wapi. Akaonesha mbele. Saroj akamuuliza, kwa upole, kama ile ya mbele siyo ya taa na honi. Fundi akasema hizi gari za siku hizi, mama, zina mambo.

Nimefika nyumbani, Haitham keshajua. Fundi Mwalim na yeye wanasali msikiti mmoja. Habari ya gari yangu imefika Mpendae kabla ya gari.

Ijumaa, 24 Januari

Haitham kapata mnunuzi. Baada ya swala, pale pale kwenye viatu. Yussuf, ana duka la vyombo Bububu. Anataka gari ndogo, kaambiwa betri mbovu, kasema ataiona hivyo hivyo.

"Nshatoa neno," kaka kaniambia. "Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Akiiridhia, yake."

Nikamwambia sawa. Kwa nini nimesema sawa? Miaka hamsini na miwili, na mdomo unajibu kabla sijauuliza.

Niandike hapa, maana kwengine sijasema. Miaka ishirini na mbili nimekaa barazani na marobota yangu nikingoja Haitham amalize mchanga, amalize chai, amalize usingizi, ndipo anichukue. Mwaka jana nimepata leseni. Siku kumi na tatu nimejiendesha. Siku kumi na tatu sijamngoja mtu. Hiyo ndiyo inayouzwa Jumamosi. Si gari.

Jumanne, 28 Januari

Jana mchuzi wa pweza umemwagika kiti cha nyuma. Nimevua makava yote, nimeyafua, hayajakauka. Leo Saroj kaniomba nimpeleke Bububu kwa dada yake. Kiti cha mbele kina mashine ya kushonea, kwa hiyo kakaa nyuma, pembeni.

Tumefika mbali kidogo, nasikia:

"Nadra, kuna kitu kinanivuta sari."

Nikamwambia mlango umeibana. Akasema mlango uko kulia, anavutwa kushoto, na anavutwa kwa adabu. Nimesimama. Nimeangalia. Ncha ya sari imenata kwenye ile plastiki yenye mianya kama karatasi kwenye ukuta wenye gundi! Nimeivuta, imetoka. Nimeiachia, imenata tena.

Lile ni pua. Gari inavuta pumzi pale. Ndani mnasikika feni, na juu ya wavu pamejaa nyuzi za zambarau — zangu — na jivu jivu linalonukia udi. Betri kubwa imekaa nyuma, chini ya kiti. Hupozwa kwa hewa ya humu humu ndani. Nami nimeizibia pua kwa mahameli, nikazima eisi, nikafunga vioo.

Saroj kacheka mpaka kashuka garini. Mie sikucheka. Sindano tatu nimevunja kuiua.

Halafu nikatazama skrini: 23.1.

Jumatano, 29 Januari

Sikubali jambo kwa mara moja. Nimefanya kama mtu aliyesoma. Njia ile ile, Mpendae mpaka Bububu na kurudi, saa saba mchana, jua la utosi.

Bila kava, wavu nimeusafisha kwa brashi ya rangi, eisi imewashwa: 23.8. Betri kwenye skrini vipande sita kati ya vinane. Hakuna taa.

Na kava, eisi imezimwa: 12.6. Vipande viwili. Sauti ya uji. Nilipokata kona ya nyumbani, pembetatu.

Nimevua kava, nikapumzika, nikarudia: 24.

Betri nzima kabisa. Aliyeiua ni fundi Mwalim, kwa mdomo.

Nimewapigia wale watu wawili niliowashonea makava, nimewaambia wakate tundu upande wa kushoto. Mmoja kauliza tundu la nini. Nimesema ni mtindo mpya.

Sasa Haitham. Nikimwambia gari nzima, Yussuf ataipokea kwa mikono miwili, na neno la kaka limeshatoka, halirudi. Nikinyamaza, akija akaiona inahema, inawaka mataa, inakunywa petroli — atakimbia mwenyewe. Neno la kaka litabaki salama. Gari itabaki kwangu. Hakuna aliyesema uwongo. Kava ndilo litakalosema.

Nimelirudisha. Nimelikaza vizuri.

Jumamosi, 1 Februari

Naandika garini, Bububu. Wanaume wamo msikitini, swala ya alasiri. Dakika zangu ni chache.

Yussuf ni mtu mzuri, bahati mbaya. Kanisalimu vizuri, kavua viatu kabla ya kuingia garini kwa heshima ya mahameli. Haitham kaendesha. Yussuf mbele. Mie nyuma, upande wa kushoto, mgongo nimeuegemeza pale pale penye pua, na mkoba juu yake. Haitham mwenyewe kazima eisi, kamwambia mgeni inakula petroli. Sikuhitaji hata kusema.

Kila kitu kimekwenda nilivyopanga. Jua kali. 15. 13. Uji ukaanza kuchemka nyuma yangu, nausikia mpaka kwenye mbavu. Betri vipande viwili. Hatujafika Bububu, pembetatu. Yussuf akaitazama, akamtazama Haitham. Moyoni nikasema, keshakimbia.

Hapo kaka akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kuombea watu msamaha.

"Usiitupie lawama gari, bwana Yussuf. Nzuri hii. Kaiharibu dada yangu. Nilimwambia gari za kisasa si za mwanamke mtu mzima. Wiki moja tu mkononi mwake, betri kwisha."

Yussuf akaitikia kwa kichwa. Aa, kumbe ndiyo hivyo. Kama mtu aliyeambiwa kwamba pilau limeungua kwa sababu ya jiko. Akasema basi labda itafaa, kama shida ilikuwa ni dereva.

Dereva!

Nilikuwa nimekaa juu ya ushahidi. Hasa. Nimeukalia, nimeubana kwa mgongo na mkoba, nikamsikiliza kaka anavyoeleza jinsi ninavyokanyaga breki. Anasema nakanyaga sana. Nakanyaga sana ndiyo! Ndiyo maana mishale inarudi!

Mdomo wangu, ule unaojibu "sawa" wenyewe, safari hii haukujibu hata hilo.

Wakashuka kwenda kusali. Haitham kaniachia gari ikiwa imewashwa — hajui kama imewaka, hajapata kujua, yeye husikiliza sauti.

Nimetoa mkasi kwenye mkoba. Si kukata tundu. Nimelipasua kava ubavu mzima, mahameli na ukingo wa dhahabu, mpaka chini. Nimefungua vioo, joto limetoka, nimevifunga, nimewasha eisi mpaka mwisho. Feni imevuta kama mtu aliyezamia akaibuka. Nimezima gari, nimengoja, nimewasha. Pembetatu imezimika. Kipande cha tatu cha betri kimerudi, sasa cha nne.

Halafu nimehamia mbele. Kiti cha dereva. Nimekivuta karibu, kaka ana miguu mirefu.

Najua la kusema. Nimelijaribu mara mbili kwa sauti, mtu wa machungwa kando ya barabara kanigeukia. Kaka, betri nzima. Nimeiziba pua mie kwa kava, sikuiharibu kwa kuendesha. Neno lako ni lako, umelitoa katika kitu changu. Bwana Yussuf, uniwie radhi, gari haiuzwi. Nitakurudisha dukani kwako mie mwenyewe, na utazame namba.

La mwisho hilo ndilo linalonitia hofu. Je namba ikishuka?

Wametoka. Yussuf anatafuta viatu vyake. Haitham anakuja huku, anaongea na simu, hatazami. Kafika mlango wangu, kashika kitasa. Kaniona.

Anangoja nihame. Ananionesha nyuma kwa kidevu, kama anavyonionesha tangu nina miaka thelathini. Mie naandika. Anadhani nahesabu mapazia.

Kagonga kioo kwa pete. Nimekiteremsha kiasi cha vidole viwili na nimemwambia: "Zunguka upande ule, kaka. Nnaendesha mie."

Kaniuliza nimesema nini. Yussuf kasimama na kiatu kimoja, anatusikiliza wote wawili.

Nimelisema tena. Bado kashika kitasa.