Mteja Wangu Anasoma Gazeti la Mwaka Jana, Anasema Korona Imekwisha

Mpendwa mshauri Mama Vumilia, shikamoo. Naomba msaada, na naomba usicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mimi wiki ya kwanza nilicheka.

Mimi ni muuza magazeti hapa Lushoto mjini, na sio muuza magazeti wa kubahatisha, mimi ndiye niliyeanza kuyatundika kwa vibanio vya nguo wengine wakaiga. Shule niliishia la saba, la sita nililipenda nikalirudia, lakini Tanga mjini nimekaa miezi minane na lifti nimepanda mara mbili, kwenda juu na kurudi chini, kwa hiyo mambo ya dunia huniambii kitu. Korona ilipoingia wateja wakaanza kuogopa karatasi, wanasema gazeti limepita mikono mingi, nikasema hilo dogo, nikaleta pasi ya mkaa, nikawa napiga pasi kila ukurasa mbele ya mteja, gazeti linatoka la moto kama chapati. Ikasaidia siku nne. Baadaye wote wakahamia kwenye simu, wenye magazeti nao wakapunguza kuchapa, basi likaacha kuleta furushi, mwisho nikabaki mimi, pasi na vibanio.

Ila yupo mteja mmoja, tumwite Mzee Zabron, karani mstaafu wa shamba la chai, anashuka mlimani kwa miguu kila asubuhi, saa nzima na fimbo yake, miaka kumi na minane hajakosa. Simu hana na hataki, redio anasema ni watu wanaongea tu, kwake yeye jambo halijatokea mpaka lipigwe chapa. Siku tatu alikuja, ananiita kwa Kisambaa, "Mghosi, limefika?" namjibu bado mzee wangu. Siku ya nne akakaa kwenye jiwe akaangalia barabara ya Soni kama mtu anayesubiri maiti, na mimi nina moyo mkubwa, ndio ugonjwa wangu huo, nikaingia stoo nikatoa gazeti la mwaka jana, tarehe ileile mwezi uleule, moja ya yale tuliyoweka ya kufungia matunda ya plamu, pale penye siku na mwaka nikapaunguza kwa pasi, nikampa bure. Akasoma akatabasamu. Kesho yake akarudi. Ninayo ya mwaka jana yote, Mama Vumilia, nimeyapanga kwa tarehe.

Wiki ya tatu hii. Juzi aliniambia, "Pasi yako haina adabu, kila siku inaunguza kona ileile."

Sasa gazeti la mwaka jana halina korona. Vijana wa bodaboda walimwambia ligi imesimama, akawafungulia ukurasa wa michezo, "Imesimama wapi? Jana wamefungana tatu moja, na mtu kala kadi nyekundu, someni!" Wakasoma. Mmoja akaomba msamaha. Kanisani kwao yeye ni mzee wa kanisa, ile ndoo ya kunawia iliyowekwa mlangoni akaichukua akaenda kumwagilia kitalu chake cha kabichi, Jumapili akasimama mlangoni anampa mkono kila mtu, gazeti kwapani, na watu wanampa, kwa sababu yeye ana gazeti na wao wana maneno tu. Nikamvuta pembeni nikamwambia mzee, ugonjwa upo na unaua, watu wazima hasa. Akasema, "Ulikuwepo, nilisoma, umekwisha. Ungekuwepo ungeandikwa." Akavaa miwani, akanikabidhi gazeti, lile lile nililolipiga pasi mwenyewe. "Haya, nionyeshe. Ukurasa wa ngapi?"

Mama, ningemwonyesha nini?

Na mkewe, Bibi Beatha, ana pumu, kutoka jikoni mpaka mlangoni anapumzika mara mbili, na ndiye aliyenipikia uji mwaka niliofiwa na mama yangu. Jana mtoto wao Aron kapiga simu kwa jirani kutoka Dar, ana homa, anakohoa, chakula hasikii ladha yake, Jumamosi ya wiki ijayo anakuja nyumbani kuuguzwa. Mzee anasema hayo ni mafua ya feni. Kanieleza kwa furaha kabisa kwamba Bibi Beatha atamlaza chumbani kwake amkande kifua.

Nikimwambia ukweli hatanisalimia tena, na yeye ndiye mteja wa mwisho, nitajiitaje muuza magazeti wakati hakuna hata mtu mmoja wa kuniuliza "limefika?" Nimeongea na Idd mwenye fotokopi tutengeneze gazeti letu wenyewe, tuandike korona imerudi, kutunga mimi naweza, nimeshapata na kichwa cha habari. Nifanyeje? Jina langu msitoe, mji wetu mdogo.

Muuza magazeti, Lushoto

*

Marahaba. Nimecheka, sikufichi, mpaka nilipofika kwa Bibi Beatha. Hapo nikaacha.

Moyo mzuri unao, nakupa hiyo. Lakini ulimhurumia mzee siku moja, ukamdanganya wiki tatu, na kila asubuhi ulipochagua tarehe ulikuwa na akili zako timamu. Lifti ya Tanga ilikupandisha ikakushusha, ikakuacha ulivyokuwa. Wala usilisingizie gazeti. Lile la mwaka jana halikusema uongo hata mstari mmoja. Iliyosema uongo ni pasi.

Idd mwache na fotokopi yake. Unamtoa mtu kwenye gazeti lililochezewa kwa kumpa gazeti la kutunga? Akigundua hilo, hata la kweli hataligusa, na hapo hakuna atakayeweza kumwokoa yeye wala mkewe.

Leo, sio kesho, mpigie Aron. Abaki alipo, aende hospitali, na aambiwe wazi kwamba mama yake ana pumu na safari hii inaweza kumzika. Akikaidi akaja, alale chumba cha nje peke yake na Bibi Beatha asimkaribie. Kisha ndoo ya kanisa irudishe wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Kabichi zitanyeshewa na masika.

Na usinililie mteja wa mwisho. Mimi wasomaji wa karatasi sina hata mmoja. Gazeti hili tangu mwezi uliopita linatoka kwenye simu tu, mitambo imefunikwa turubai, ofisini tumebaki mimi, mhariri na paka. Barua yako nilimsomea mhariri. Akachukua simu, akamwita Yusuph, fundi mitambo, ambaye tulishamuaga kwa keki. Jana asubuhi Yusuph amekuja na barakoa na ovaroli yake, akavuta turubai, tumechapa toleo zima la nakala moja. Ugonjwa uko mbele, dalili zake, jinsi ya kumtenga mgonjwa, na tarehe na mwaka kwa herufi ambazo pasi yako haiwezi kuzimaliza.

Nakala hiyo inapanda na lori la Fuso linalofuata kabichi Lukozi, dereva akipita hapo kwenu ataiacha kwako Alhamisi. Usingoje mzee ashuke. Panda wewe. Simama hatua nne mbali, toa shikamoo, mwombe na Bibi Beatha atoke nje asikie, ukiri kwa mdomo wako kwanza, ndipo uweke gazeti chini aliokote. Atakusema. Msikilize mpaka achoke, umekula uji wao.

Nakala ni hiyo moja. Ukitaka, fungia plamu. Hakuna atakayejua ila mimi, wewe na kifua cha Bibi Beatha.

Ukiwa umesimama pale unakiri, namjua mtu wa aina yake, hatakuamini hata hilo. Atavaa miwani aulize ukurasa wa ngapi. Umeniomba nisitoe jina lako, na huku kwenye simu sijalitoa. Kwenye nakala ya mzee limo, lako, la baba na la babu, chini ya habari ya ugonjwa, pamoja na yote uliyofanya kwa pasi.

Mwambie: wa kwanza.