Kibuyu Kilichopelekwa Nyumba Siyo

Ghati, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Nakuandikia mwenyewe kwa darasa langu la nne, usinicheke. Ulizoea kunicheka.

Majibu ya damu yako yamerudi. Umeshazikwa, mvua imekunyeshea msimu mzima, ndiyo yanarudi. Daktari alituita Bomani, mimi na baba yako. Nikamwambia aongee Kiswahili cha watu. Akasema ini limejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana, na kila seli ina vyumba vyake kama mji wetu. Humo hutengenezwa protini, ndiyo mfanyakazi wa seli, ikawekewa alama ya chumba inakokwenda kufanya kazi. Yako ilitengenezwa, ikasafiri, ikaingia chumba kingine. Chumba chake kikakosa mfanyakazi. Uchafu ukarundikana, ukawa mawe kwenye figo.

Nikasema nimeelewa. Ni kibuyu cha maziwa cha mke mkubwa kupelekwa kwa mke mdogo. Maziwa hayana kosa, ila watoto wa nyumba kubwa wanalala njaa. Akacheka. Mimi sikucheka, maana alishasema jambo lingine: mtoto hupata ugonjwa huo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kwa mwanangu Chacha, baba yako, pia.

Siku ya kukuzika nilisimama mbele ya watu nikasema mama yako amevunja mwiko, ndiyo maana mtoto alijaa mawe. Chakula alichopika nikakikataa. Akamchukua mdogo wako Boke, akaenda kwa kaka yake, kijiji cha Mbalibali. Simu yangu hapokei.

Na daktari anataka Boke apimwe haraka.

Kwetu mama mkwe hamfuati mkamwana kwao, wanatumwa wazee. Lakini wazee wataanza na pombe, na mtoto anangoja. Nikaenda mwenyewe, basi halafu pikipiki. Mama yako alikuwa jikoni, hakunipa kiti; nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Akasema, "Mama, ulinitukana mbele ya watu. Leo unaninong'oneza jikoni?" Mdomo anao yule! Nikatoka uani, nikamwambia kaka yake aite majirani. Nikasema kwa sauti kwamba nilimsingizia, na kwamba ugonjwa umetoka kwetu pia.

Boke amepimwa. Mkojo wake una dalili zile zile, damu wameipeleka mbali. Figo bado nzima. Kapewa vidonge vidogo vya vitamini, na maji. Maji mengi, kutwa, yasukume uchafu kabla haujawa mawe.

Maji, Ghati. Na mimi nilikupokonya kikombe, nikasema unakunywa kama ng'ombe, ndiyo maana huishi kwenda chooni. Hakuna aliyekuwa amenieleza. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Mama yako hajarudi kwetu Tarime. Basi nimebaki mimi huku kwao, tunagombania jiko. Boke akiona nakuja na jagi anakunja uso: "Bibi, umenichosha." Na anichukie. Atakunywa, mpaka mimi mwenyewe nizikwe. Hilo nakuahidi.

Lala sasa.

Bibi yako,
Robi